Teknolojia ya Kebini: Dereva Mpya Anapewa Vifaa, Taarifa Anapewa Nani?

Dereva anayeanza kazi leo katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hakabidhiwi ufunguo na karatasi za mzigo tu. Anakuta kebini imejaa vifaa. Kuna kinachojua gari lilipo kwa msaada wa setilaiti na kupeleka habari hizo ofisini kwa mtandao wa simu. Kuna kidhibiti mwendo, kuna kipimo kilichozamishwa ndani ya tangi la mafuta, na pengine kuna kamera mbili, moja ikitazama barabara na nyingine ikimtazama yeye. Akibeba mzigo wa mpito, mlango wa kontena unafungwa kwa sili ya kielektroniki. Mara nyingine gia zinajibadilisha zenyewe, na dashibodi inaonya kwa taa na milio.

Wenye magari husema vifaa hivi vinapunguza ajali na wizi wa mafuta. Madereva wengi husema vimewekwa kuwabana. Kila upande una ukweli wake, ila wanabishana juu ya mambo tofauti, kwa sababu vifaa vyenyewe si vya aina moja. Kuna vinavyofanya kazi iliyokuwa ya mkono na mguu wa dereva, kuna vinavyomwonya, na kuna vinavyopeleka habari zake kwa mtu mwingine. Uchambuzi huu unayapitia makundi hayo matatu, kisha unauliza nani anamfundisha mgeni wa kazi kuishi nayo. Hoja yake ni kwamba kifaa huleta usalama pale dereva anapoelewa kinapima nini na anapoyaona majibu yake. Pasipo hayo, kinabaki kuwa shahidi wa ajali.

Gia zinazojichagua, breki zinazohitaji akili

Badiliko kubwa kuliko yote ndani ya kebini limetokea kwenye gia. Volvo walileta I-Shift mwaka 2001. Scania wana Opticruise na Mercedes-Benz wana PowerShift. Ndani yake ni gia za meno kama za zamani, mara nyingi 12, ila kompyuta ndiyo inayoshughulika na klachi na kuchagua gia. Dereva anabakiwa na pedali mbili. Malori haya yanatufikia kwa njia mbili: mapya yanayonunuliwa na kampuni zenye uwezo, na yaliyotumika yanayotoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Pembeni yake yapo malori ya Kichina kama HOWO, FAW na Shacman, ambayo mengi bado yana gia za mkono. Dereva huyohuyo anaweza kupewa la aina moja mwezi huu na la aina nyingine mwezi ujao, bila mtu kumkalisha chini na kumweleza tofauti.

Faida ya gia za kompyuta haina ubishi. Injini inabaki kwenye mizunguko inayofaa, mafuta yanaokolewa, na mgeni anaondokewa na hofu ya kukosa gia katikati ya mlima. Hatari inajificha kwenye kushuka. Kompyuta inaweza kukadiria uzito wa gari na mwinuko wa mahali lilipo. Kuhusu kona ya tatu kutoka hapo, na lori lililoharibikia ndani ya kona hiyo, haina habari.

Tufanye hesabu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56. Gari la uzito huo likishuka kwa kilomita 30 tu kwa saa, kwenye mteremko unaozama mita 8 kwa kila mita 100, linazalisha nguvu ya takriban kilowati 366 ambayo lazima izuiwe. Hiyo ni sawa na injini ya farasi wapatao 490 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Upepo na msuguano wa matairi vinachukua sehemu ndogo. Iliyobaki ni juu ya breki. Breki za miguu zikibebeshwa kazi hiyo peke yake kwa kilomita kadhaa, zinapata moto na kupoteza mshiko, na upepo kwenye mitungi unapungua kila zinapokanyagwa. Anayeshuka Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida anaijua harufu yake.

Ndiyo maana lori la kisasa lina breki ya injini yenye nguvu, na mengine yana ritada, kifaa kinachozuia mzunguko wa shafti bila kugusa bitana za breki. Wakongwe walikuwa na kanuni yao: shuka mlima kwa gia uliyopandia. Kanuni hiyo haijafa kwa kuja kwa kompyuta, imebadilika utekelezaji tu. Kabla ya kuanza kushuka, dereva anapunguza mwendo, anaihamisha gia kwenye hali ya mkono, anawasha breki ya injini au ritada, na breki ya mguu anaiweka akiba ya kurekebishia mwendo. Asiyefundishwa anaiacha gia kwenye otomatiki, anangoja kompyuta iamue, na anashtuka mwendo ukiwa umeshamzidi.

Hapa pia ndipo elimu ndogo inapoua imani ya zamani. Tabia ya kuteremka gari likiwa nyutro ili kuokoa mafuta imetajwa mara kwa mara katika ajali za Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya. Kwa injini ya sindano za kielektroniki, hata hesabu ya mafuta inaipinga. Lori likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta inakata dizeli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa nyutro, injini inanywa mafuta ili isizime. Dereva anahatarisha roho yake kwa akiba ambayo haipo.

Mlio haulazi mtu

Kundi la pili ni la maonyo, na linaanza na taa za dashibodi. Rangi zake zina maana moja karibu katika magari yote: nyekundu inataka usimame, njano inataka ushughulike mapema, kijani na bluu zinakupa habari tu. Anayelijua hilo peke yake ameshaokoa injini nyingi. Mfano mzuri ni taa ya AdBlue, kimiminika cha urea ya asilimia 32.5 kinachopulizwa kwenye moshi wa malori ya Ulaya ili kupunguza sumu yake. Kikiisha, kompyuta inapunguza nguvu za injini kwa makusudi, na mgeni anadhani turbo imekufa. Akikosea akakimimina kwenye tangi la dizeli, pampu na sindano zinaharibika, na gharama yake inaweza kuzidi mapato ya safari nzima.

Juu ya taa hizo yapo maonyo ya kizazi kipya. Umoja wa Ulaya ulilazimisha malori mapya kuwa na breki ya dharura inayojifunga yenyewe na onyo la kutoka nje ya mstari tangu Novemba 2015. Tangu Julai 2024 yameongezwa onyo la usingizi na onyo la watembea kwa miguu na baiskeli walio karibu na lori mahali ambapo dereva hawaoni. Kanuni hizo ni za huko, lakini vifaa vyake vinavuka bahari ndani ya malori yaliyotumika.

Vikifika, vinakuta barabara nyingine. Kamera ya mstari inasoma rangi iliyochorwa kwenye lami. Rangi ikifutika au ikifunikwa na vumbi, kifaa kinanyamaza, na dereva aliyezoea kuonywa anauchukulia ukimya huo kuwa usalama. Kamera ya breki ya dharura imefungwa kwenye kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa gereji bila kuipima upya kamera, macho yake yanaweza kupinda. Zaidi ya hayo kuna mambo ambayo dereva wa huku lazima ayasome kwa macho yake mwenyewe: matawi ya miti yaliyotupwa barabarani kumaanisha kuna gari bovu mbele, bodaboda isiyo na taa, ng'ombe wanaochungwa pembezoni mwa lami. Kwa dereva mpya, somo la kwanza kuhusu kifaa cha kuonya liwe ni pale kinapoishia.

Kamera ya usingizi inahitaji maneno yake. Inafuatilia kope na uelekeo wa uso. Macho yakifumba kupita kiasi inapiga mlio, na nyingine inatetemesha kiti na kumjulisha msimamizi papo hapo. Kampuni za mafuta na migodi zimekuwa mbele katika kufunga vifaa vya namna hii, na zina sababu nzuri, kwani tangi la petroli likianguka haliui dereva peke yake. Lakini kamera inagundua usingizi uliokwisha kufika. Haiulizi kama dereva alikesha bandarini akingoja kupakia, au kama ameambiwa mzigo ufike Nakonde kesho asubuhi. Mlio haulazi mtu.

Ulaya onyo hilo limejengwa juu ya sheria ya saa. Dereva anaruhusiwa kuendesha saa 9 kwa siku kwa kawaida, na baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Takografu, ambayo ni ya kidijitali kwa malori mapya tangu Mei 2006, inaandika kila dakika, na askari anaweza kuisoma kando ya barabara. Tanzania nayo ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Lakini dereva wa masafa marefu mara nyingi anahesabiwa kwa safari na posho, na safari haina saa. Kamera ikifungwa juu ya utaratibu huo bila kuugusa, inampa dereva kosa jipya na kumwachia uchovu uleule.

Vinavyopeleka habari

Kundi la tatu ndilo linaloleta manung'uniko mengi. Kwa mabasi ya masafa marefu Tanzania, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, na dereva anajitambulisha kwa kitufe maalumu kabla ya kuondoka, ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Kwa mizigo ya mpito, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa sili za kielektroniki: lori likiacha njia iliyopangwa au sili ikiguswa, kituo cha ufuatiliaji kinapata taarifa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo ina sili za aina hiyo kwa mizigo inayopita Tanzania. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwenda mbali zaidi kwa kuanzisha mfumo uliomfuatilia dereva pamoja na shehena, vyeti vya vipimo vyake vikiwa ndani ya simu. Hapo ndipo dereva alipoanza kufuatiliwa kama kontena.

Juu ya mifumo ya serikali, mwenye gari anaongeza vya kwake. Anataka kujua mwendo, vituo, muda injini iliowaka gari likiwa limesimama, breki za ghafla na kiwango cha mafuta. Ana haki ya kutaka, kwa sababu unyonyaji wa mafuta upo na umefilisi watu. Tatizo ni kwamba namba huja bila sababu yake. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Dereva aliyefunga breki kumkwepa pundamilia na mwenzake aliyefunga kwa sababu alikuwa anachezea simu wanapata alama moja kwenye ripoti. Mafuta nayo huyumba ndani ya tangi mlimani, na kipimo ambacho hakikurekebishwa vizuri kinaonyesha upungufu usiokuwepo. Kwa aliye ofisini, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anaona alama iliyosimama kwenye ramani, foleni ya mpakani Tunduma haioni.

Hata hivyo, ni makosa kumfundisha dereva mpya kwamba kila kinachorekodi ni adui. Kamera ya mbele imekuwa wakili wa madereva wengi, maana katika ajali ya lori na gari dogo, watu huanza kwa kumlaumu mwenye gari kubwa. Ripoti ya mwendo inaweza kumtetea mbele ya askari au ya bosi. Malori yenye springi za upepo mara nyingi yanaonyesha kwenye dashibodi makadirio ya uzito wa kila ekseli. Dereva anayejua kuusoma ukurasa huo anagundua bado akiwa yadi kwamba mzigo umeegemea nyuma, badala ya kuambiwa hivyo kwenye mzani wa Vigwaza. Kifaa kilekile kinambana au kinamlinda kutegemea kama ameruhusiwa kukisoma.

Somo kutoka Marekani

Marekani imekwisha kulijaribu jambo hili kwa kiwango cha nchi nzima. Sheria yao inamruhusu dereva wa lori kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, na kuanzia Desemba 2017 daftari la karatasi lilibadilishwa kwa kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini. Watafiti Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller walichunguza matokeo na kuyachapisha mwaka 2021. Utii wa saa uliongezeka, kama ilivyotarajiwa. Ajali hazikupungua kwa zile kampuni ndogo ambazo sheria ilizigusa zaidi, na makosa ya kwenda kasi yaliongezeka. Saa zilipobanwa bila kubadilishwa kitu kingine, madereva walitafuta dakika zilizopotea kwa kukanyaga mafuta.

Karen Levy, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliliendeleza swali hilo katika kitabu chake Data Driven cha mwaka 2022. Kwake chanzo cha uchovu ni uchumi wa kazi: malipo kwa maili, na saa nyingi za kungoja kupakia na kushusha ambazo hazilipwi. Kifaa kinapima dalili na kuuacha ugonjwa. Mabadiliko ni machache ukihamisha hoja hiyo kutoka maghala ya Marekani hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo: dereva anayelipwa kwa safari anakula hasara ya kila siku anayokaa foleni, na barabara ikifunguka ataifidia kwa mwendo, kamera iwepo isiwepo.

Kiti cha kushoto kimebaki wazi

Kwa miaka mingi dereva wa lori alipikwa kwenye kiti cha kushoto. Utingo, au taniboi kama wengine wanavyomwita, alianza kwa kugonga matairi, kufunga turubai na kuweka kabari. Akajifunza kuisikiliza injini na kuinusa breki, na siku moja akapewa usukani kwenye barabara tupu huku mkongwe akimtazama. Shule hiyo ilikuwa na kasoro zake, na tabia ya kushuka na nyutro ilirithiwa humohumo. Lakini ilikuwa na mwalimu. Kampuni inayoondoa utingo ili kupunguza gharama inafunga shule hiyo, na kifaa kilichochukua nafasi yake kinajua kutoa alama bila kujua kufundisha.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na vyuo vya VETA vinafundisha udereva, na vingeweza kuziba pengo hilo vikishirikiana na wenye malori. Leseni inasema mtu anaruhusiwa kuendesha gari kubwa. Haisemi kama amewahi kushika ritada. Mafunzo ya kukabidhiwa lori yanapaswa kuanzia kwenye kifaa kimoja kimoja: kinapima nini, nani anakisoma, kinakosea wapi, na kikizimika ufanye nini. Baada ya hapo mgeni ashuke mlima mrefu akiwa na mkufunzi pembeni, lori likiwa na mzigo, maana breki za lori tupu hazimfundishi mtu. Na kila wiki akae na msimamizi waisome ripoti yake pamoja, ili kila breki ya ghafla ipewe maelezo kabla ya kuwa kosa.

Simu nayo iingizwe kwenye somo hilo, kwa kuwa ni kifaa cha kebini ambacho hakuna aliyekifunga wala kukifundisha. Makundi ya WhatsApp ya madereva yana habari za foleni na barabara zilizokatika kabla ya redio, na ni msaada wa kweli. Lakini ramani za kawaida za simu zinaelekeza gari dogo; hazijui uzito wala urefu wa tela lako, na zinaweza kukuingiza mtaa usiogeuzika. Zisomwe gari likiwa limeegeshwa.

Kebini ni ofisi, na pia ni chumba cha kulala

Limebaki suala la haki, ambalo mijadala mingi ya teknolojia ya magari hulipita haraka. Kebini ya masafa marefu ina kitanda. Kamera inayomtazama dereva akiwa kazini haina sababu ya kumtazama akiwa amelala au anabadilisha nguo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Zote zinajengwa juu ya misingi inayofanana: mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, aweze kuziona, na aweze kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Dereva ni mtu kwa maana ya sheria hizo. Kampuni inayomkata mshahara kwa ripoti ya mafuta ambayo hajawahi kuonyeshwa iko mahali pabaya kisheria, mbali na kuwa mahali pabaya kiutu.

Kwa hiyo hukumu ya uchambuzi huu ni hii. Gia za kompyuta, ritada na breki ya dharura ni maendeleo halisi, na anayewanyima madereva wapya vifaa hivyo kwa kisingizio kwamba wakongwe waliishi bila kuwa navyo anafanya kosa. Kufuatilia gari kuna nafasi yake. Lakini uwekezaji umeegemea upande mmoja: fedha zimekwenda kwenye kifaa na kwenye kioo cha ofisini, na kidogo mno kimekwenda kwa mtu aliyeshika usukani.

Wenye malori, kabla ya kununua kamera nyingine, lipieni siku za mafunzo ya mlimani, na saa za kungoja zihesabiwe kuwa saa za kazi. Vyuo, ingizeni dashibodi ya kisasa kwenye mtaala na kwenye mtihani. Nawe dereva unayeanza, siku utakapokabidhiwa lori uliza maswali mawili kabla ya kuwasha injini: vifaa hivi vinaandika nini juu yangu, na ripoti yangu nitaiona lini? Kampuni isiyokuwa na majibu ya maswali hayo bado haijawa tayari kukukabidhi tani 56.